Kuwafukuza wanaojidunga si kinga

Nataka kuwaeleza wananchi wenzangu jambo lililotokea hapa Ipinda, wilayani Kyela, na kutoa maoni yangu juu yake.

Miezi michache iliyopita mwanafunzi wangu wa darasa la tano alipita njia ya mkato katikati ya mashamba ya kakao, akaokota bomba la sindano. Alipokuwa akilichezea likamchoma kidoleni. Nilipolitazama niliona damu iliyoganda ndani yake. Nilimpakia kwenye pikipiki moja kwa moja hadi kwa waganga. Siku ile ile akaanza kumeza vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI, ambavyo ni lazima vianzwe kabla ya saa 72 kupita na kumezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B alikwisha kuipata utotoni, kama watoto wote wanaopelekwa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini homa ya ini C haina chanjo. Wazazi wake na mimi tunasubiri vipimo.

Kijiji kizima kilijua bomba lile ni la nani. Ni la kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe, aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha na kurudi mwaka jana akiwa mtumiaji wa unga. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, na wengi wakasema afukuzwe. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba, kwa hasira niliyokuwa nayo, nami nilinyoosha mkono pamoja nao. Leo naandika kwa sababu naona nilikosea.

Tukimfukuza aende wapi? Akienda Kyela mjini, Kasumulu au Tunduma, ataendelea kujidunga huko, na huko nako kuna watoto. Kama ana maambukizo, hatapimwa wala kutibiwa akiwa mafichoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa sisi ndio tunaomlazimisha mgonjwa ajifiche.

Ndugu Mhariri, hatari ya sindano hizi si ndogo. Mtu akijidunga, damu kidogo hubaki ndani ya bomba, na mwenzake akilitumia huiingiza mwilini mwake. Wataalamu wamepima wakaona kwamba virusi vya homa ya ini C vinaweza kuishi ndani ya bomba hadi siku 63. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kutumia heroini, ili tu wapunguze arosto. Mwaka 2014 ilikadiriwa kuwa nchini walikuwapo watu 30,000 wanaojidunga, na wapatao 35 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kwa watu wazima wote nchini, utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta ni kama wanne tu katika kila 100.

Serikali yetu ilikwisha kuonyesha njia. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ambayo mgonjwa huinywa badala ya kujidunga heroini. Anayeinywa hatetemeki kwa arosto, anaweza kufanya kazi, na hana haja tena ya bomba. Baadaye huduma ikafika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na hata hapa kwetu Mbeya.

Tatizo ni kwamba mgonjwa, hasa anapoanza, lazima ainywe kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka Ipinda hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilometa 100. Mama wa kijana huyu aliuza magunia mawili ya mpunga ili mwanawe aanze tiba, na fedha zikaisha kwa nauli kabla mwezi haujaisha. Zaidi ya hayo, katika kituo kimoja alikokwenda kupima aliitwa teja mbele ya wagonjwa wengine, akaondoka bila kipimo.

Kwa maoni yangu, wakati umefika methadoni itolewe katika hospitali za wilaya, na wagonjwa waliokwisha tulia wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Pili, kila anayejidunga apimwe homa ya ini B na C pamoja na UKIMWI. Homa ya ini C siku hizi hupona kwa vidonge vya wiki 12 hivi, lakini hakuna anayetibiwa ugonjwa asioujua. Tatu, wapatiwe mabomba mapya na mahali pa kurudishia yaliyotumika, kama shirika la Médecins du Monde lilivyofanya Temeke. Wako watakaosema huko ni kuwashawishi. Nawajibu kwamba kijana wetu hakungoja kupewa bomba jipya, na lile la zamani ndilo lililomchoma mtoto wa watu.

Nasi walimu tuwafundishe watoto kwamba wakiona sindano wasiiguse, wamwite mtu mzima.

Kijana huyo bado analala katika banda la mama yake. Nimekwisha kumwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano mwingine, na safari hii nitasimama kusema haya niliyoyaandika hapa. Nawaomba wenzangu wa vijiji vingine wafikiri kabla hawajanyoosha mikono.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ipinda, Kyela.