SPMCIL haichapi noti zote za India

Mwandishi, hapo kwenye makala uliposema SPMCIL ndiyo inayochapa noti zote za India, naomba nikusahihishe. Kampuni hiyo ya serikali, iliyoundwa mwaka 2006, inachapa noti Nashik na Dewas. Zile za Mysuru na Salboni zinachapwa na kampuni tanzu ya Benki Kuu ya India. Sarafu ndizo za SPMCIL peke yake, na zinatengenezwa kwenye viwanda vinne. Nilisoma Pune, na kila nikirudishiwa chenji dukani nilikuwa naigeuza nitazame chini ya mwaka: nyota ni Hyderabad, kitone ni Noida, almasi ni Mumbai, isiyo na alama ni Kolkata. Na wewe ndugu hapo juu unayesema shirika la umma haliwajibiki, zitazame alama hizo. Sarafu ikitoka na kasoro, kiwanda cha kuulizwa kinajulikana papo hapo. Huo ndio uwajibikaji, na raia yeyote anaweza kuukagua mwenyewe. Mwandishi, tuandikie na kuhusu karatasi ya pamba inayotumika kwenye noti, maana nayo SPMCIL wanaitengeneza.