Waraka kwa Wanachama: Arbuni Zilizoliwa na Mafundi Zidaiwe Sasa

Kutoka: Katibu wa chama
Kwa: Wanachama wote wa Kisauni, na wale waliohamia bara
Kuhusu: Pesa tulizowatangulizia mafundi wa nyumba



Nawaandikia kuhusu pesa ambazo wengi wetu tumezisamehe bila kuombwa msamaha. Kikao kilichopita, tulipofika kwenye marejesho ya mikopo ya kukarabati nyumba, ilidhihirika kwamba baadhi ya waliochelewa si watu wa kukwepa deni. Walikopa, wakamtangulizia fundi arbuni, fundi akang'oa vigae vya zamani au akafunua upande mmoja wa paa, kisha simu yake ikawa mteja. Mkopo wa chama unaendelea kudaiwa na nyumba inavuja. Lililoniuma zaidi ni kwamba wanachama wawili wanaokaa benchi moja walikuwa wameliwa na fundi mmoja, kila mmoja akiona haya kumwambia mwenzake. Wa kwanza angesema, wa pili angeponea.

Kamati imeniagiza nieleze namna ya kudai. Naanza na lile ambalo halitawafurahisha: pesa yako haimo mfukoni mwa fundi. Wako matapeli wa kuzaliwa, sikatai, lakini wengi wa hawa wanaotuzungusha hawakuja kwako na nia ya kuiba. Fundi huchukua arbuni yako akamalizie nyumba ya Bamburi, ambayo pesa yake alikuwa ameshaitia kwenye kazi ya Changamwe. Kabla ya masika kila mtu anataka paa, na Idi ikikaribia kila mtu anataka rangi, naye hamkatalii yeyote. Siku anapokosa mteja mpya wa kumtangulizia, aliye wa mwisho ndiye anayelala chini ya turubai. Kwa hiyo fundi wa namna hii akipata pesa tena, atamlipa kwanza yule anayemkalia kwa maandishi na kwa hesabu. Wewe unayeambiwa "Ijumaa inshallah" na kuitikia inshallah, utasubiri Ijumaa nyingi.

Basi anza na hesabu, na hesabu hiyo iwe ya haki. Kosa tunalolifanya karibu sote ni kudai arbuni nzima kana kwamba fundi hakugusa kitu. Tuseme ulimpa shilingi 120,000. Akaleta mifuko 20 ya simiti ya shilingi 800, hiyo ni 16,000, na mchanga wa 9,000. Yeye na kibarua wake wakang'oa vigae siku nne kwa 2,500 kwa siku, hiyo ni 10,000. Jumla ya alichofanya ni 35,000, na deni lililobaki ni 85,000. Ikiwa katika kung'oa kwake alipasua bomba, na fundi wa pili amekutoza 6,000 kulitengeneza akakupa risiti, dai lako ni 91,000. Usidai 120,000 kwa hasira. Fundi akifika mbele ya mwamuzi na risiti za simiti ambazo wewe hukuzitaja, utaonekana wewe ndiye mwongo. Piga picha kazi ilipoachiwa, kabla fundi mwingine hajaigusa, na umwombe huyo wa pili akuandikie kilichofanyika na kinachohitajika kumalizia.

La pili ni jina. Mahakama haiwezi kumwita "Fundi Kaka wa stejini". Inahitaji jina lake la kitambulisho na mahali anapopatikana ili apelekewe hati. Uliyemlipa kwa M-Pesa una nafuu, kwa sababu jina la aliyesajili laini linaonekana kwenye ujumbe wa malipo. Usiufute ujumbe huo. Omba pia taarifa ya miamala yako, uichape. Ila kama laini ni ya mke wake au ya kijana wake wa kazi, jambo hilo liandike mapema na umtafute aliyeshuhudia kwamba pesa ilitumwa huko kwa maagizo ya fundi. Na kuna wenzetu waliojaribu kurudisha pesa kwa kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwenye 456. Njia hiyo ni ya waliokosea namba. Wewe hukukosea namba, ulikosea mtu, na Safaricom haina dawa ya hilo.

Waliokubaliana kwa mdomo wasikate tamaa. Mapatano ya mdomo ya kazi kama hii ni mapatano, na jumbe za WhatsApp ambamo fundi anataja bei, anaomba pesa na kuahidi siku ya kumaliza ni ushahidi mzuri. Sauti alizokutumia pia zihifadhi. Muda nao upo: Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, inampa mwenye dai la mkataba miaka 6. Hata deni la mwaka juzi bado lina uhai, ingawa mtu mwenyewe huenda keshahamia Malindi.

Baada ya hapo andika barua ya madai. Taja siku mliyopatana, kiasi ulicholipa na tarehe zake, kazi iliyofanyika, hesabu yako, na siku za kulipa, 14 zinatosha. Sema wazi kwamba siku hizo zikipita utakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Usitukane wala usimtishie vijana wa mtaani. Mtumie kwa WhatsApp ili ibaki alama kwamba imefika, na nakala mpelekee kwa mkono ukiwa na shahidi. Nimeona barua ya ukurasa mmoja ikimrudisha fundi ambaye matusi ya miezi hayakumtikisa, kwa sababu ndani yake aliona hesabu ambayo hakuweza kuipinga.

Akija na ombi la kulipa kidogo kidogo, mkubalie, lakini aandike na kutia sahihi kwamba anadaiwa kiasi kadhaa na atalipa kiasi kadhaa kila mwezi. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko arbuni yenyewe: inamziba mdomo wa kusema "sidaiwi", na miaka ile 6 inaanza kuhesabiwa upya. Mkiweza, andikianeni mbele ya chifu au mzee wa mtaa. Wao hawana uwezo wa kuhukumu deni, lakini fundi anayetegemea mtaa kwa riziki hapendi kuitwa huko mara mbili.

Sasa polisi, maana najua wengi mnakimbilia huko kwanza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ina kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu katika kifungu cha 313. Lakini kifungu cha 312 kinaeleza udanganyifu huo kuwa ni uongo kuhusu jambo lililopo au lililopita. Fundi akikuonyesha risiti ya kughushi ya mabati ambayo hakuyanunua, au akikuambia ana kadi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na hana, huo ni uongo wa jambo lililopo. Nenda kaandikishe, upewe namba ya kitabu cha matukio cha polisi, OB. Akisema "nitamaliza mwisho wa mwezi" asimalize, hiyo ni ahadi iliyovunjwa, na ahadi iliyovunjwa ni dai la madai. Kumtumia askari kama mkusanyaji wa madeni hakutakusaidia, na kunaweza kukuletea gharama nyingine ambayo haina risiti.

Vivyo hivyo, msimshikie fundi mashine yake ya kukatia vigae mkaifungia chumbani, wala msibandike picha yake kwenye kila kundi la simu na neno MWIZI juu yake. La kwanza linakutoa kwenye kudai na kukuingiza kwenye kudaiwa. La pili linampa nafasi ya kukushtaki kwa kumchafulia jina. Kuonyana sisi kwa sisi, kwa kusema kilichotokea bila kutia chumvi, kunatosha.

Siku 14 zikipita bila jibu, nenda mahakamani. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na sasa ipo kwenye Mahakama za Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma, kwa hiyo kazi za nyumba zetu zinaingia bila shida. Sheria inataka shauri limalizwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Msongamano upo, kwa hiyo wewe usiwe wa kuomba kuahirishiwa. Wakili si lazima, na Kiswahili kinakubalika. Mwamuzi hafungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi. Jumbe, picha, risiti na shahidi wako vikipangwa kwa tarehe vinasikilizwa. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, kwa hiyo fundi hawezi kwenda kule kuanza upya hadithi ya simiti.

Kushinda si kulipwa, na hapa naomba msome polepole. Kwa fundi asiye na kitu, hata dalali wa mahakama atarudi mikono mitupu. Zana anazohitaji kwa kazi yake zinalindwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 44, zisikamatwe. Kilicho na maana ni kujua pesa yake inatoka wapi. Mtu ambaye bado hajammalizia fundi malipo ya kazi nyingine anaweza kuamriwa na mahakama akulipe wewe, na akaunti ya benki ya fundi mwenyewe inaweza kuzuiwa. Kwa hiyo katika muda wote wa kudai, chunguza kimyakimya anafanya kazi kwa nani. Taarifa hiyo wanayo wanachama wenzako kuliko mtu yeyote.

Niseme pia upande wetu, maana baadhi ya mafundi wana haki ya kulalamika. Wapo miongoni mwetu wanaopatana choo kimoja, kazi ikifika katikati wanaongeza sinki, dirisha na baraza kwa bei ile ile, halafu wanamwita fundi mwizi. Dai la namna hiyo chama hakitalisimamia.

Kamati imeamua mambo mawili. Kuanzia sasa mkopo wa ukarabati hautatolewa mkononi kwa ajili ya vifaa. Chama kitalipa duka la hadwea moja kwa moja, risiti kwa jina la mwanachama, na fundi atalipwa ufundi wake kwa kadiri ya kazi iliyokamilika. Pili, kutakuwa na daftari la madai ya wanachama dhidi ya mafundi, litakalosomwa kila kikao, ili wanaodai fundi mmoja wajuane na washuhudiane.

Yeyote aliyeliwa arbuni, awe amekwishakata tamaa au la, alete kwangu kabla ya kikao kijacho taarifa ya M-Pesa iliyochapwa, picha za kazi, jina kamili la fundi kama analijua, na hesabu yake. Barua tutaiandika pamoja.

Wenu,
Katibu