Moshi Hauishii kwenye Ua

Kila kiangazi mji wa Lubumbashi hujaa moshi. Jioni majani ya miembe hufagiliwa, yakarundikwa pamoja na masasheti, chupa za plastiki na viatu vibovu, kisha yakatiwa kiberiti. Mwenye moto hufunga mlango wake akalala; jirani yake hukohoa mpaka asubuhi.

Ukimwonya, atakujibu: «Nachoma katika lupango langu.» Jibu hilo si la haki. Moto ni wako, kweli. Lakini moshi ukivuka ua umeingia kwa mwenzako bila hodi, nawe ndiwe uliyeutuma. Je, ungemruhusu amwage maji machafu mlangoni pako, kwa sababu aliyateka kisimani kwake?

Wengine husema: «Wazee wetu walichoma, wala hawakudhurika.» Wazee walichoma majani, tena shambani, mbali na nyumba. Hawakuchoma plastiki. Plastiki ya mabomba na ya nyaya za umeme ikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini. Na hata moshi wa majani matupu una vumbi jembamba mno lishukalo mpaka ndani ya mapafu: mtoto mwenye pumu hubanwa kifua, mzee mwenye moyo dhaifu huzidiwa. Tena usiku wa Juni na Julai hewa ya baridi hulala chini, na moshi hulala pamoja nayo.

Wako pia wasemao: «Takataka hazichukuliwi, tufanye nini?» Swali hilo ni la haki. Lakini lipelekeni kwa shefu wa kartie na kwa komini, si katika mapafu ya mtoto wa jirani. Majani na maganda yafukieni shimoni, mkiyanyunyizia maji. Baada ya miezi kadhaa yatakuwa mbolea ya bustani. Plastiki iwekwe mbali, isiguswe na moto.

Nawe unayeteswa na moshi, usinyamaze. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 53, yampa kila mtu haki ya kuishi mahali penye afya. Na sheria ya mwaka 1888, kifungu cha 258, yasema amdhuruye mwenzake kwa kosa lake sharti alipe. Hata hivyo usianze na mashtaka. Nenda kwake mchana, moto ukiwa umezimika na hasira pia, umweleze ni nani anayekohoa nyumbani mwako. Akikudharau, ndipo umwendee shefu.