Si Ukungu wa Lushoto!

Enyi wajuaji wa kamera, mtatuzuga mpaka lini? Kijana anapiga picha ya bibi harusi pale Irente: sikio kali, macho ukungu. Mnamcheka, "Mkono mbovu huo, nunua lenzi nyingine!" Naye anauza lenzi yake kwa bei ya kutupa.

Uongo mtupu! Kwenye kamera za kioo, otofokasi ina jicho lake chini, siyo lile linalonasa picha. Yakipishana kidogo tu, lenzi nzima huonekana mbovu. Nikon D300 ya 2007 ina marekebisho, -20 hadi +20: ikinasa mbele ya shabaha, ongeza, ikinasa nyuma, punguza. Mimi nasema, mfundisheni kurekebisha kabla hamjamtia deni!