Mtoto ana homa usiku: tugonge mlango upi?

Juma hili tuongee juu ya jambo linaloingia karibu kila nyumba hapa Kamanyola. Mtoto ana mafua, anakohoa, usiku hofu inapanda. Tunaita motari, tunapita mbele ya kituo cha afya bila kusimama, tunaenda kuketi hopitali kubwa upande wa dharura. Asubuhi tunarudi na dawa ya kikohozi na deni.

Kuna wanaosema wamama hatujui kitu. Hapana, tuna sababu zetu. Katika uwanda wa Ruzizi malaria ni ya kila siku, na inaweza kumwangusha mtoto kwa usiku mmoja. Pengine kituo cha afya tulikikuta bila dawa. Mchana tuko kwenye mpunga au sokoni, mtoto tunamtazama vizuri magharibi tu. Tena akifa, mama ndiye anayeulizwa: «Ulikuwa wapi?» Na wengi wetu tunaamini mtoto hajatunzwa kama hajatundikiwa serumu.

Lakini mbio hizo zina bei. Feza inatoka kwenye mtaji wa biashara. Waganga wa zamu, ambao ni wachache, wanagawa macho yao kati ya mafua ya mtoto wetu na mtoto wa jirani anayehitaji damu. Na ubaya zaidi ni huu: siku mtoto anaugua kweli, mfuko ni mtupu, tunasema tungoje kesho. Kesho hiyo ndiyo inayotunyang'anya watoto.

Basi tujifunze kuchagua mlango.

Nyumbani: mafua au kikohozi bila homa, mtoto anacheza, ananyonya, anapumua vizuri. Tumnyonyeshe zaidi, tumsafishe pua, tumpe vya kunywa akiwa amepita miezi 6. Asali asipewe aliye chini ya mwaka 1. Antibiotiki za kununua barabarani haziponyi mafua.

Kituo cha afya, siku ileile: homa yoyote, maana hapa kwetu homa si ya kubahatisha. Kipimo cha malaria ni tone la damu ya kidole, na jibu halikawii. Mtoto akiharisha, tuanze maji ya SRO papo hapo, na kituoni apate zinki ya siku 10 mpaka 14, asiiache hata kuharisha kukikoma. Twende pia akipumua mbio. Tuhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 mpaka 5, si za kungojea.

Bila kungoja, usiku au mchana:
– hawezi kunyonya wala kunywa;
– anatapika kila kitu;
– amepata degedege;
– amelegea, haamki vizuri;
– kifua kinabonyea ndani akipumua;
– viganja vyake vimekuwa vyeupe;
– anaharisha kama maji ya mchele, macho yamezama;
– hajafika miezi 2 na ana homa.

Hapo hatungojei bwana arudi, wala mama mkwe atoe ruhusa. Kama kituo cha afya kiko njiani na kimefunguliwa, tusikiruke: muganga anaweza kumpa mtoto dozi ya kwanza na kutuandikia barua ya hopitali. Kwa ugonjwa mkali, dozi hiyo inaweza kumfikisha akiwa hai.

Kwa vikundi vyetu tunapendekeza mambo mawili. Siku ya likelemba, kila mama aweke kidogo pembeni katika sanduku la watoto wagonjwa, ili usiku wa hatari asianze kubisha kwa majirani akitafuta feza ya motari. Na tumwalike reco wa mtaa aje atufundishe kuhesabu pumzi, kila mama ajaribu na mtoto wake mwenyewe mapajani.

Na mama aliyekimbia hopitali, akaambiwa ni mafua tu, tusimcheke. Tukimcheka leo, kesho ataona haya kutoka, hata mtoto akiwa na degedege. Tumkaribishe, tumwonyeshe dalili hizi moja moja, naye amfundishe mwingine.