Zombo si jela

Hivi kuna mwalimu amewahi kutishiwa kuhamishiwa Oysterbay? "Wewe mwalimu, ukiendelea na ujuaji wako nakupeleka Oysterbay!" Haipo hiyo. Vitisho vyote vinaelekea upande mmoja tu, kule tunakokuita bush. Jina la hiyo bush linategemea mkoa uliopo. Kwa Morogoro, tuchukulie Zombo.

Kwa wasioijua, Zombo ni kata ya Wilaya ya Kilosa, Jimbo la Mikumi. Wengi wetu wa mjini tunalijua jimbo hilo kwa mambo mawili: mbuga tunayoikatiza na basi la Iringa huku tukihesabu swala dirishani, na Profesa Jay, ambaye aliimba "Ndio Mzee" kisha akaja kuwa mbunge wa huko kuanzia 2015 hadi 2020. Kilosa hiyo hiyo ina kata inaitwa Ulaya, kwa hiyo watu wake wanakwenda Ulaya bila pasipoti. Lakini mwalimu mpya akifungua orodha ya vituo na kukuta jina lake liko huko, hacheki wala hawazi swala. Anapiga simu kuuliza nani anamjua nani TAMISEMI.

Tumezoea kusema walimu wanakimbia vijiji. Viongozi wanasema, magazeti tunaandika, na mjomba kwenye kikao cha harusi naye anasema: vijana wa siku hizi hawana wito. Mimi hiyo hadithi imenichosha. Mwalimu anayeondoka Zombo anakimbia kubaguliwa kazini. Na kwa kuwa ubaguzi wenyewe unakuja na mhuri wa halmashauri, hatuuiti kwa jina lake.

Nieleze.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi. Orodha yake ni ndefu: kabila, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri, mpaka hali ya mtu kimaisha. Kifungu hicho hicho kinahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Na sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya viwanda na mahoteli tu. Inamgusa pia mwajiri mkubwa kuliko wote nchini, yaani Serikali.

Sasa chukua walimu wawili. Wamemaliza chuo kimoja, wameajiriwa siku moja, ngazi ya mshahara ni moja. Mmoja kapangiwa Kinondoni, mwenzake Zombo. Kwenye karatasi wako sawa kabisa.

Wa Kinondoni akitaka kufuatilia malimbikizo yake anapanda daladala mchana, jioni yuko kwake anakunywa chai. Wa Zombo, kufika makao makuu ya wilaya ni safari, ni nauli ya mfukoni, ni vipindi vya siku nzima vimekwenda. Akiambiwa "mhusika katoka, njoo Alhamisi", hiyo ni safari ya pili. Wa Kinondoni anasoma digrii jioni. Wa Zombo akitaka kujiendeleza aombe ruhusa kwa mkuu ambaye hana mtu wa kuziba pengo lake. Miaka kumi ikipita, mmoja ana digrii na kiduka, mwenzake ana deni la benki. Mshahara ulikuwa ule ule! Ukiwalipa sawa watu uliowabebesha mizigo tofauti, umebagua, tena kwa upole.

Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kililiona hili zamani. Katika mgomo ulioanza mwishoni mwa Julai 2012, pamoja na kudai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, walimu walidai posho ya asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Mahakama ikaamuru mgomo usitishwe, walimu wakarudi darasani, na ile asilimia 30 ikarudi kabatini. Msiniambie hela hakuna. Miaka michache baadaye Serikali ilianza kulipa posho ya madaraka: Sh 250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa sekondari, Sh 200,000 kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Sawa, wanastahili. Lakini somo lake ni kwamba nchi hii inajua kulipia cheo, kulipia umbali haijajifunza.

Tuje kwa walimu wanawake, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Likizo ya uzazi ni siku 84, na mia moja ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni haki, iko kwenye sheria. Lakini katika shule yenye walimu wachache, mwalimu mmoja akienda kujifungua haletwi mwingine wa kushika vipindi vyake. Wenzake wanabeba, wanachoka, wanaanza kununa. Mkuu naye anaanza kusema "mimi nileteeni wanaume." Kosa la ikama linageuzwa kuwa kosa la mimba! Mwalimu wa hisabati anarudi kazini akiwa na mtoto mchanga na anajisikia kama mtu aliyewaibia wenzake. Huyo mwezi wa pili tu anaanza kutafuta namna ya kuondoka, na mimi simlaumu.

Halafu kuna wale wanaoshika kalamu. Kalamu ya nani apewe nyumba ya shule, nani apitishiwe likizo, nani asainiwe uhamisho. Kadiri shule ilivyo mbali, ndivyo kalamu hiyo inavyokuwa nzito, kwa sababu hakuna anayeiona. Msichana wa miaka 24, mgeni kijijini, anayelala kwenye chumba alichotafutiwa na bosi wake, akiombwa "mazungumzo ya faragha" atamlalamikia nani? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Vizuri. Lakini malalamiko yake yanaanzia kwa nani? Kwa bosi huyo huyo. Ndugu zangu, hapo sheria ipo lakini mlango wake umefungwa kwa ndani.

Na dharau kwa walimu haijaanza leo. Februari 2009, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliamuru polisi awacharaze viboko walimu 19 wa shule za msingi za Katerero, Kanazi na Kansenene. Kisa? Matokeo mabaya ya darasa la saba. Rais Kikwete alimtimua, na alifanya vema. Lakini jiulize: ni daktari gani amewahi kuchapwa kwa sababu wodi yake imejaa vifo? Ni mhandisi gani amelazwa chini kwa sababu daraja limezolewa na mvua? Wazo la kumcharaza mtumishi wa umma lilimjia kiongozi yule kirahisi kwa sababu watumishi wenyewe walikuwa walimu, tena wa shule za msingi. Hiyo ndiyo "hali ya mtu kimaisha" inayotajwa na sheria.

Sisi wa mitaani nasi hatuko salama. Shule za kata zilipochipuka miaka ya 2006 na 2007, Serikali iliwapeleka darasani vijana waliotoka kidato cha sita baada ya mafunzo ya wiki chache. Sisi tukawabatiza "voda fasta" na kucheka. Aliyewapeleka bila kuwaandaa hatukumcheka.

Sasa rudi kwenye kile kitisho cha mwanzo. Afisa anapomhamishia mwalimu kijijini kama adhabu, anaadhibu wangapi? Mwalimu mmoja, pamoja na watoto wote wa shule anayopelekwa. Ukisema Zombo ni adhabu umewaambia watoto wa Zombo kwamba wao ni jela, kwamba mtu aliyesimama mbele yao na chaki anatumikia kifungo. Mtoto anaelewa. Anamwona mwalimu wake anavyotazama barabara.

Na mfungwa anahesabu siku. Waajiriwa wapya huambiwa wakae kituoni miaka mitatu kabla ya kuomba uhamisho. Sharti hilo linamfunga mwalimu, lakini halimfungi mwajiri kumfanyia lolote ndani ya hiyo miaka mitatu. Ingia kwenye makundi ya walimu mtandaoni uone matangazo: "Nipo Kilosa, natafuta wa kubadilishana naye aliyepo Dar au Pwani." Niambie, wewe uliyepo Dar utakubali? Kwa hiyo anayetoka ni mwenye mjomba. Asiye na mjomba anabaki, na shule inabaki na watu waliobaki kwa kukosa mjomba. Halafu tunashangaa matokeo!

Najua jibu la wakubwa: "Asiyetaka aache, mitaani wamejaa walimu wasio na ajira." Ni kweli wamejaa. Lakini kumpata mwalimu mpya kila baada ya miaka mitatu si sawa na kuwa na mwalimu. Darasa linahitaji mtu anayejua kwamba Juma hasikii vizuri sikio la kushoto na kwamba Asha anatoroka siku za gulio. Hayo hayapo kwenye barua ya ajira, yanakuja na miaka. Ukijaza ndoo inayovuja, mtungi wa jirani ukauke vipi, ndoo haijai.

Kwa hiyo nini kifanyike? Ninayo manne tu.

Moja, uhamisho kijijini ukome kutumika kama adhabu. Mwenye kosa ashitakiwe kwenye Tume ya Utumishi wa Walimu, ajitetee, aadhibiwe kwa mujibu wa sheria. Asipelekwe kwa watoto wa watu wengine.

Pili, posho ya mazingira magumu iwe ya kisheria na imfuate mwalimu wa kawaida, si cheo.

Tatu, miaka mitatu iwe mkataba wa pande mbili. Mwalimu akae, na akimaliza awe na haki ya kwanza ya kuchagua kituo, orodha ikibandikwa hadharani kila mtu aione. Nina hakika baadhi yao, wakijua mlango uko wazi, watabaki.

Nne, malalamiko ya unyanyasaji yasianzie kwa anayelalamikiwa, na kila shule ya mbali iwe na nyumba za walimu zenye mlango unaofungwa na ufunguo wa mwalimu mwenyewe.

Tusiambiane haiwezekani. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar na kusimama Kilosa. Nchi iliyofikisha nguzo na nyaya zote zile Kilosa haiwezi kushindwa kufikisha nyumba nne za walimu Zombo.

Naomba kutoa hoja.