Breki ngumu za pikapu: Hasara huanzia kwenye pampu ndogo

BARABARA ya Lushoto hadi Mombo, mkoani Tanga, haifiki kilomita 40, lakini sehemu kubwa ni mteremko na kona. Hapo ndipo hupita kabichi, karoti, viazi na nyanya za wakulima wa Usambara kwenda sokoni, na mzigo mwingi hutolewa shambani na pikapu za dizeli zilizokwishafanya kazi miaka mingi.

Mafuta yakipanda bei, wenye pikapu hutafuta namna ya kubana matumizi. Mwaka 2022 bei zilipanda hadi Serikali ikatoa ruzuku ya Sh100 bilioni mwezi Juni. Katika hali kama hiyo, wapo madereva wanaozima injini mteremkoni na kuliacha gari liteleze. Hesabu hiyo si sahihi, na ubaya wake uko kwenye breki.

Injini ya petroli hufyonza hewa yenyewe, na mfyonzo huo ndio unaolisaidia busta la breki, yaani lile bakuli jeusi la bati lililoko kati ya pedali na silinda kuu. Injini ya dizeli haina mfyonzo wa kutosha. Kwa hiyo imewekewa pampu yake, ambayo mafundi huiita vakyumu. Katika Toyota Hilux za injini za 2L, 3L na 5L, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta na huzungushwa na mkanda uleule.

Ina maana kwamba injini ikizimwa, pampu nayo imesimama. Busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki bado ipo, ila sasa inategemea nguvu za mguu wa dereva peke yake, huku nyuma kuna lumbesa za viazi.

Na hayo mafuta yanayookolewa ni kidogo mno. Gari likiwa kwenye gia mteremkoni na dereva ameachia pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na dizeli inayoingia ni karibu na hakuna. Isitoshe, injini yenyewe husaidia kulizuia gari.

Tatizo la pili ni ufundi wa kubahatisha. Breki ikiwa ngumu, mwenye gari huambiwa anunue pedi, kesho silinda kuu, keshokutwa busta. Fedha za msimu zinakwisha na ugonjwa uko palepale.

Kanuni ya kwanza ni hii: pedali inayozama hadi chini huashiria mafuta ya breki yanayovuja au hewa ndani ya mabomba. Pedali iliyo ngumu, na gari halisimami upesi, huashiria busta, mpira wake au pampu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Kipimo chake hakihitaji hata shilingi moja. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, mfyonzo upo. Isiposhuka, hitilafu iko upande huo.

Hatua inayofuata ni kuchomoa mpira upande wa pampu injini ikiwa inanguruma polepole, na kuziba tundu la pampu kwa kidole. Likikivuta kidole kwa nguvu, pampu ni nzima. Chunguza mpira uliopasuka, valvu ya njia moja au busta linalovuja kwa mlio wa 'sss' unapokanyaga. Mvuto ukiwa hafifu, pampu imechoka. Fundi mwenye geji atathibitisha: pampu nzima huvuta kiasi cha inchi 20 za zebaki au zaidi.

Kabla ya kununua pampu, angalia mkanda. Ukilegea au kukatika, chaji na mfyonzo hupotea pamoja. Ndiyo maana taa nyekundu ya betri ikiwaka njiani katika gari la namna hii, dereva asifikirie betri tu. Afahamu kuwa breki nayo iko mashakani.

Pampu hulainishwa na oili ya injini kupitia bomba jembamba. Oili chafu au bomba lililoziba hula vibao vinavyozunguka ndani yake. Sili ikichoka, oili huingia kwenye altaneta na kuiharibu. Anayenunua altaneta ya mtumba aikague nyuma: kama imelowa oili, aiache. Fundi anapofunga pampu atie oili kidogo ndani, na ahakikishe bomba la kurudisha oili halikubanwa.

Je, nani alipe? Mara nyingi mwenye pikapu huachiwa mzigo huo peke yake, wakati mfanyabiashara anavutana naye kuhusu nauli. Lakini gari likianguka, matenga ya nyanya yaliyomwagika ni ya mfanyabiashara, na mkulima aliyekopesha mazao hatalipwa. Stika ya ukaguzi nayo haiwezi kuona mpira utakaopasuka wiki mbili baada ya kubandikwa. Ni busara wanaokodi gari waombe kipimo hicho kifanywe mbele yao kabla ya kupakia, na wakubali nauli inayomwezesha mwenye gari kubadilisha oili kwa wakati.

Pedali ikigeuka ngumu ukiwa tayari mteremkoni, usizime injini wala usikanyage na kuachia mara kwa mara, maana kila ukiachia unapoteza akiba. Kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie, shusha gia mojamoja, vuta breki ya mkono taratibu, kisha simama na usiendelee na safari.

Mzigo ukichelewa siku moja, bei inaweza kushuka na sehemu ya nyanya ikaoza. Hasara hiyo hufidiwa msimu ujao. Dereva na utingo wake hawana msimu mwingine wa kuwafidia.